Huruma Peke Yake Haitoshi

Wajerumani wana neno Einfühlung: kuingia kwa moyo ndani ya mwingine. Mwaka 1909 Titchener, Mwingereza aliyefundisha Marekani, aliligeuza kuwa empathy. Wengi hulitafsiri "huruma". Haitoshi, maana twaweza kumhurumia mtu bila kumsikiliza.

Mtakatifu Edith Stein, katika kitabu chake cha mwaka 1917, aeleza vema zaidi: uchungu wa mwenzako wauona kweli, ila unabaki wake. Basi kilioni hapa Likasi, anayemwambia mfiwa "Ninajua uchungu wako" amepita mpaka.

Kitabu ni kigumu, tena hakituambii mikono ifanye nini. Lakini mwaka 1915 mwandishi mwenyewe aliacha masomo, akauguza askari wagonjwa. Tumsome pande zote mbili: tukae mkekani, tusikilize, kisha tuchote maji.