Ndoa Si Kibali: Njia za Mume Mgeni Aliyepoteza Ukaazi

Kiwanda cha minofu ya sangara kikifunga milango, Mtanzania anayepoteza kazi hapo anarudi nyumbani Mkuyuni na kuanza kutafuta kibarua kingine. Mkenya aliyekuwa akisimamia mitambo ya ubaridi katika kiwanda hichohicho, aliyeoa Mkuyuni na kuzaa Mkuyuni, anapoteza vitu viwili kwa barua moja: ajira na haki ya kuishi nchini. Kibali cha ukaazi Daraja B hutolewa kwa kazi fulani kwa mwajiri fulani. Kazi ikikoma, kibali nacho kimekoma, hata kama tarehe iliyogongwa juu yake iko mbali.

Mkuyuni iko kwenye barabara ya Shinyanga, ukishapita Igogo na kabla ya kufika Butimba, jirani na reli na bandari ya Mwanza Kusini. Ziwa limewaleta hapa watu wa Kisumu, Bukoba, Musoma na Kampala kwa vizazi, na kuoana ni sehemu ya kuishi pamoja. Kwa hiyo mfano ninaoufanyia kazi leo hauko mbali na mlango wa mtu: mke ni Mtanzania, mume ni Mkenya, watoto ni wawili, mtaa mzima unamwita mume huyo shemeji, na kibali chake kimekufa. Wapite njia gani?

Wengi watajibu haraka: wana ndoa, wapeleke cheti cha ndoa Uhamiaji. Jibu hilo ndilo linalozipotezea familia nyingi miezi ambayo hazina, na ndilo ninalotaka kulivunja kwanza.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wa tajnisi kwa msingi wa ndoa, wakati wowote mumewe akiwa hai. Inamtaja mwanamke. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hakutajwa. Kama mume angekuwa mtu wa Mkuyuni na mke ndiye ametoka Kisumu, ndoa ingekuwa mlango. Kwa kuwa ni kinyume chake, mume huyu anapanga foleni moja na mgeni yeyote asiye na mke wala mtoto nchini. Binti wa Mkuyuni ana uraia ulio sawa na wa kaka yake, lakini uraia wake haumfuniki mwenzi wake kama unavyofunika wa kaka. Naliona hili kuwa kosa la sheria. Hata hivyo, anayepanga njia leo lazima aipange kwa sheria iliyopo.

Hapo kuna jambo la pili, na linawagusa hata waliooa wanawake wa nje. Je, ndoa yenyewe ipo kwenye karatasi? Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, watachukuliwa kuwa wameoana. Watu wa kanda yetu wanakijua kifungu hiki na wanakitegemea mno. Ni dhana inayoweza kupingwa, na mahali pake ni mahakamani, zaidi katika migogoro ya mali na matunzo. Ofisa wa Uhamiaji anataka cheti. Anayetaka kufunga ndoa ya kiserikali hutoa taarifa siku 21 kabla, kwa hiyo hata karatasi hiyo haipatikani siku barua ya kufukuzwa kazi inapofika.

Kilichotokea mwaka 2013 ng'ambo ya ziwa kinaeleza bei ya kupuuza jambo hili. Mwishoni mwa Julai, Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki 2 kuondoka. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Miongoni mwa walioondolewa walikuwamo watu waliooana na Watanzania, wenye watoto Watanzania na mashamba waliyoyalima miaka mingi. Kujulikana na majirani hakukuwasaidia. Aliyekuwa ameishi kwa heshima tu, bila faili, hakuwa na kitu cha kuonyesha.

Tuje kwenye njia zenyewe. Ya karibu kabisa ni kwamba raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kutoka kihalali na kurudi. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, na chini ya kanuni zake raia wa nchi mwanachama anayeingia kama mgeni hupewa pasi inayoweza kufika miezi 6, bila viza. Mume wetu akipanda basi Nyegezi, akavuka Sirari kabla hajaitwa mkaaji haramu, kisha akarudi kama mgeni, yuko ndani ya sheria. Yupo na watoto wake. Lakini pasi hiyo si ya kazi, wala si jambo la busara kumwambia ofisa kwamba miezi ya pasi ya matembezi ni miaka ya ukaazi. Ni daraja la muda la kuvukia, na anayejenga nyumba juu yake ataiona ikiondoka na maji.

Jambo ambalo halipaswi kufanyika ni kubaki kimya ukisubiri mambo yatulie. Siku zilizopita bila kibali zinageuka kuwa kosa lenye jina lako, na kosa hilo litasomwa tena kila utakapoomba jambo lolote, kwa kuwa tabia njema ni mojawapo ya masharti ya tajnisi. Kama maombi mapya yako njiani, kuna pasi maalum ya kumshikilia mtu kwa muda mfupi wakati hali yake inashughulikiwa. Iombwe mapema.

Pasi ya mtegemezi inasifiwa sana vijiweni. Ubaya wake upo kwenye jina lake: inamtegemea mwingine na inakufa pamoja na nguzo yake, na haimpi mwenye nayo ruhusa ya kufanya kazi. Kwa familia iliyokuwa ikila mshahara wa fundi wa mitambo, karatasi inayomruhusu baba kukaa sebuleni haitoshi.

Ndiyo maana wengi hukimbilia kujiajiri, yaani Daraja A. Hapa nawaomba wasomaji waende polepole, kwa sababu ardhi imehama chini ya njia hii. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Ndani yake mna biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali, ununuzi wa mazao shambani na viwanda vidogo. Karibu kila biashara ambayo mtu mwenye akiba ya wastani angeifungua kando ya barabara ya Mkuyuni imo kwenye orodha hiyo. Ujanja unaofuata unajulikana: leseni iandikwe kwa jina la mama watoto, baba auze. Amri hiyohiyo inamgusa raia anayemsaidia mgeni kukiuka katazo, kwa faini au kifungo. Kwa hiyo ujanja huu unamtoa mtu mmoja kwenye hatari na kuwaingiza wawili. Anayetaka Daraja A aende na uwekezaji wa kweli nje ya orodha, au aiache.

Inabaki Daraja B jipya, na kwa fundi mwenye ujuzi ndiyo njia ninayoiona kuwa bora, ingawa ndiyo yenye makaratasi mengi. Tangu Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, karatasi ni mbili na ofisi ni mbili: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kisha kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Kibali cha kazi hutolewa kwa muda wa miaka 2 na huongezwa, lakini kuongezwa kuna ukomo, kwa hiyo anayeomba upya ahesabu miaka aliyokwisha kutumia. Mwajiri mpya ndiye mwombaji, naye lazima aeleze kwa nini Mtanzania hakupatikana kwa nafasi hiyo na nani atarithishwa ujuzi. Wanaosema Soko la Pamoja limefuta haya yote hawajasoma viambatisho vyake. Kila nchi iliweka orodha ya kada ilizokubali kuzifungulia, na Tanzania ilitaja taaluma mahususi tu. Fundi aitafute kada yake humo kabla ya kuahidiana na mwajiri.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba inampa miaka inayohesabika. Sharti la tajnisi la kawaida lina sehemu mbili. Kwanza, mwombaji awe ameishi nchini mfululizo miezi 12 kabla ya siku ya kuomba. Pili, katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo 12, awe ameishi nchini kwa vipindi ambavyo jumla yake haipungui miaka 7. Neno la kushika hapo ni jumla. Miezi 12 ya mwisho haivumilii pengo, lakini ile miaka 7 inavumilia, mradi mapengo yote yasizidi miaka 3 ndani ya dirisha hilo la miaka 10.

Tufanye hesabu. Mume aliishi nchini kwa kibali kuanzia Januari 2016 hadi mwisho wa Desemba 2020, miaka 5. Kazi ikaisha, akakaa Kisumu 2021 na 2022. Akarudi na kibali kipya Januari 2023. Mtaani wanamwambia ameanza moja, kwamba atahesabu miaka 7 kuanzia 2023 na mwaka mmoja juu yake, aombe Januari 2031. Sivyo. Kufikia Januari 2025 ana miaka 2 mipya, na ukijumlisha na 5 ya zamani ni 7, yote ndani ya dirisha la Januari 2015 hadi Januari 2025. Ongeza miezi 12 ya mfululizo, na Januari 2026 sharti la ukaazi limetimia. Tofauti ni miaka 5 ya maisha ya familia, na inapatikana kwa kutunza vibali vya zamani na kurasa za pasipoti zenye mihuri. Pasipoti iliyokwisha muda wake isitupwe kamwe.

Kutimiza sharti hakumpi uraia. Anatakiwa ajue Kiswahili au Kiingereza, aonyeshe mchango wake, aukane uraia wa Kenya, kwa kuwa Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na mwishowe ni waziri anayeamua. Waziri halazimiki kutoa sababu, na sheria inasema uamuzi wake haukatiwi rufaa wala kupitiwa na mahakama. Upande wa pili wa mpaka mambo yamekaa tofauti: Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu yeyote, mume au mke, haki ya kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa na Mkenya. Familia inayopima kuhamia Kisumu iupime ukweli huo, na ikumbuke kwamba mke akichukua uraia huo kwa hiari ataweka rehani ule wa Tanzania. Watoto wako salama zaidi kuliko wazazi: waliozaliwa hapa kwa mama Mtanzania ni Watanzania.

Je, milango ya ofisi ikifungwa yote, kuna mahakama? Kuna kesi inayotoka jirani kabisa. Anudo Ochieng Anudo, mzaliwa wa Masinde, Butiama, alikwenda polisi Babati mwaka 2012 kushughulikia taratibu za ndoa. Uraia wake ukatiliwa shaka, pasipoti ikachukuliwa. Mwaka 2014 alisukumwa Kenya, Kenya ikamrudisha, akabaki Sirari kati ya mipaka miwili. Machi 22, 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilimnyang'anya uraia kiholela na kumfukuza kinyume cha haki, na ikaiagiza irekebishe sheria ili mtu wa namna hiyo apate pa kusikilizwa. Lakini njia aliyoipita imezibwa. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, bado iko wazi. Mwaka 2013 iliamua kwamba Uganda ilivunja Mkataba wa Jumuiya ilipomzuia wakili Mkenya Samuel Mohochi kuingia kupitia Entebbe mwaka 2011 bila kumpa sababu wala nafasi ya kujieleza. Kwa mume wetu Mkenya hiyo ni silaha, yenye ukomo mkali: shauri lifunguliwe ndani ya miezi 2 tangu kitendo kinacholalamikiwa.

Kifungu chenyewe kinachomtaja mwanamke peke yake kinaweza kupingwa hapa nyumbani. Mahakama Kuu, Mwanza, ndiko Jaji Mwalusanya alikomwamulia Holaria Pastory mwaka 1990 kwamba mila haiwezi kumnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi aliyonayo mwanamume. Mauritius nako, wanawake walioona waume zao wa kigeni wakivuliwa haki ya kuishi na sheria za 1977 walipeleka lalamiko kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Walikuwa 20. Aprili 1981 Kamati iliwapa haki wale 3 walioolewa, kwa sababu ndio walioguswa kweli, na mwaka 1983 Mauritius ikabadili sheria. Tangu marekebisho ya 2020, sheria yetu ya utekelezaji wa haki za msingi nayo inamtaka anayefungua shauri aonyeshe jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Wanaharakati wanalilalamikia sharti hilo, na nakubaliana nao. Lakini mke wa Mkuyuni analitimiza. Anachohitaji ni cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vibali vya mumewe vya nyuma, na nakala ya maombi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa pamoja na barua inayoyakataa.