Watano wa Hubert Davis

Kurithi timu iliyozoea ubingwa kunamdai kocha zaidi kuliko kuanzisha timu mpya. Roy Williams alipostaafu Aprili 2021, akiwa ametwaa mataji matatu ya taifa, Chuo Kikuu cha North Carolina kilimkabidhi timu ya mpira wa kikapu Hubert Davis, msaidizi wake wa misimu tisa na mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu hiyo ya wanaume. Davis alikuwa mwana wa nyumbani: alichezea chuo hicho hicho chini ya kocha Dean Smith.

Fundi mgeni angebomoa, na mwoga asingegusa kitu. Davis aliuacha mchezo wa kasi kama alivyoukuta, akabadilisha jambo moja tu. Williams alizoea kuweka warefu wawili karibu na kikapu. Davis alitaka mmoja wao atoke nje na kutupa mipira ya pointi tatu, na kwa kazi hiyo alimleta Brady Manek kutoka Oklahoma. Mrefu anayelenga vizuri akisimama mbali, mlinzi wake hana budi kumfuata huko. Chini ya kikapu panabaki nafasi, na mwenye nafasi hiyo alikuwa Armando Bacot. Kwangu huo ndio ukocha: kumsogeza mtu mmoja hatua chache, na wenzake wanne wakapata pa kupumulia.

Matunda yalichelewa. Januari 2022 timu ilifungwa na Miami kwa tofauti ya pointi 28, na siku nne baadaye Wake Forest wakawafunga kwa 22. Februari, Duke waliwafuata nyumbani kwao wakawashinda kwa 20. Kocha mpya anapopigwa hivyo hushawishika kupangua kikosi kila wiki. Davis alifanya kinyume. Mchezaji Dawson Garcia alikuwa ameondoka kwa mambo ya kifamilia, Manek akaingia kikosi cha kwanza, na kocha akawashikilia watano wale wale: Bacot, Manek, Caleb Love, RJ Davis na Leaky Black. Benchi liliitwa kwa nadra sana.

Machi 5 walikwenda Duke, siku ya mechi ya mwisho ya nyumbani ya kocha wao Mike Krzyzewski baada ya misimu 42. Walishinda 94 kwa 81, na wanne kati ya watano hao walifikisha pointi 20 au zaidi. Katika mashindano ya taifa, Baylor, mabingwa watetezi, walifuta pengo la pointi 25 baada ya Manek kutolewa uwanjani, lakini wakafungwa 93 kwa 86 katika muda wa nyongeza. Nusu fainali, Duke tena: 81 kwa 77, na ukocha wa Krzyzewski ukaishia hapo. Fainali waliiongoza Kansas kwa pointi 15 hadi mapumziko, Bacot akicheza na kifundo cha mguu kilichoumia, wakapoteza 72 kwa 69. Naamini uchovu ndio uliowashinda.

Msimu uliofuata wanne kati ya watano walirudi. Manek alikuwa amemaliza chuo. Timu iliwekwa ya kwanza nchini kabla ya msimu kuanza, na haikupata hata nafasi ya kuingia mashindano ya taifa.