Jamani, Hizi Kava Zitanitoa Roho!

Mwenzangu, njoo kaa hapa nikwambie, maana nimevua hedifoni sasa hivi na masikio bado ya moto! Nimeshinda na nyimbo za watu zilizoimbwa upya na watu wengine, hizo ambazo vijana wanaziita kava na wazee wa dansi wanaziita kopi, na sasa sikai, situlii, chakula chenyewe hakipiti. Nimeshika simu nimpigie kila ninayemjua, nikakukumbuka wewe. Wewe hasa! Wewe unayeshikilia kwamba wimbo ukishaimbwa umeimbwa, na anayeurudia ni mvivu wa kutunga. Leo utameza maneno yako, na utayameza huku unacheza.

Sikiliza. Kava nzuri, nzuri kwelikweli, nzuri ile ya kumpandisha mtu mori, inakufanyia jambo ambalo wimbo mpya hauliwezi: inakurudishia mara ya kwanza. Wimbo umeujua tangu utotoni, umekuchosha, unauimba huku unamenya vitunguu na wala hujisikii. Halafu anatokea mtu mwingine, anafungua kinywa, na wewe unaganda na kisu mkononi. Kumbe wimbo huu ulikuwa unasema hivi? Miaka yote hii? Kumbe!

Tuanze na "Malaika". Najua, najua, umeshakunja uso! Unawaza ule wa hotelini, wa bendi ya mashati ya maua, unaopigwa kwa watalii kabla au baada ya "Jambo Bwana". Uweke kando kabisa huo. Nenda kwanza kwa Fadhili William, rekodi ile ya Kenya ya miaka ya 60, gitaa linadonoa taratibu, na sauti ya kijana asiye na mahari, kijana mwenye haya, anayependa na hana la kufanya. Kuhusu nani hasa aliutunga, Fadhili au Adam Salim, watu wamevutana miaka nenda miaka rudi. Wavutane tu, sisi tunasikiliza! Ukimaliza hapo, usipumue, usinywe maji, mweke Miriam Makeba. Weee! Mama wa Afrika Kusini, Kiswahili si lugha aliyonyonya, na ndiyo raha yenyewe, maana kila neno analishika kwa mikono miwili, analipima, analivuta, analiachia pole pole mpaka unasikia maneno yako mwenyewe yakiwa mageni na mazuri ajabu. Aliuimba pia na Harry Belafonte katika albamu yao ya pamoja ya mwaka 1965, na albamu hiyo ikachukua Grammy. Kiswahili chetu, ndugu yangu! Miaka hiyo! Nilisimama nikapiga makofi peke yangu chumbani, na sioni haya kusema.

Na bado! Kuna wa Boney M. wa mwaka 1981, wimbo wa huzuni umevalishwa nguo za disko, na kwa kweli haikupasa ukubalike, ila mguu wangu ulishakubali kabla yangu. Kuna Hep Stars wa Sweden, bendi ambamo Benny Andersson alipiga kinanda kabla dunia haijamjua kwa ABBA, nao waliurekodi miaka ya 60. Sweden! Halafu Angélique Kidjo wa Benin, katika albamu yake "Logozo" ya mwaka 1991, mwanamke mwenye sauti ya kuangusha ukuta, na hapa ameikunja sauti hiyo yote, ameilainisha, anabembeleza tu. Unajua nguvu ipo, unaisubiri, naye anakunyima. Ananikondesha huyu mama!

Vuka maji sasa, twende Unguja. Hapa ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, kabisa, kabisa. Siti binti Saad, binti wa Fumba, muuza vyungu, mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Shaaban Robert mwenyewe akamwandikia wasifu. Santuri zile zina mikwaruzo, zinatoka mbali, unasikiliza huku umesogeza sikio. Wimbo wake "Kijiti" unasimulia kisa cha kweli cha Unguja, mwanamke aliuawa, muuaji akatoroka, na Siti anakisimulia waziwazi, jina kwa jina. Akaja Bi Kidude, ambaye tangu akiwa msichana alijiibia nyimbo za Siti kwa kusikiliza tu, akazibeba katika sauti ile ya moshi, sauti ya kukwaruza, nzito, kavu, tamu, akazipigia na ngoma juu, na akaziimba mpaka uzeeni kabisa. Mwaka 2013 alipofariki, wengi walidhani mlango umefungwa.

Haukufungwa! Mwaka 2020 ikatoka albamu "Siti of Unguja", na anayeimba ni Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad. Kitukuu! Damu ileile! Niliibonyeza nikitarajia heshima, unajua zile kazi za kumbukumbu zilizopigwa pasi, safi, za kuwekwa kabatini. Nikakutana na giza tamu. Udi unaanza, unasita, unarudi. Besi inatembea chini kwa chini, ile ya kuisikia kifuani kuliko masikioni. Kuna ala ya kupuliza yenye sauti nzito inayopita nyuma ya mwimbaji mara moja moja, halafu inaondoka, na wewe unabaki unaitafuta. Katikati ya yote hayo yeye haimbi kwa haraka wala hapandishi. Anakaa na neno mpaka linalainika. Weka "Machozi ya Huba" usiku, taa umezima, dirisha wazi. Kisha weka "Kijiti" yake, baada ya ile ya Kidude, baada ya ile ya Siti mkubwa. Kisa kilekile, mauaji yaleyale, na safari hii mwili ulinisisimka, kwa sababu mikwaruzo ya santuri haipo tena kati yako na marehemu. Tumekuwa tukiucheza wimbo huu, tukiutikisia mabega. Kumbe ni msiba!

Ngoja ninywe maji. Haya.

Sasa usidhani kava lazima ikulize. "Salome"! Mwaka 2016, Diamond Platnumz na Rayvanny, unaikumbuka, ulikuwepo, ilipigwa kila daladala, kila harusi, kila duka la simu. Ila hebu fanya nilivyofanya mimi: rudi kwanza kwa Saida Karoli, "Maria Salome", mwaka 2001, ile ambayo wengi tuliijua kwa jina la "Chambua Kama Karanga". Ngoma za Kagera, Kihaya chake kimekumbatiana na Kiswahili, na sauti nyembamba, kali, isiyoomba ruhusa kwa mtu. Ukitoka hapo ukaingia kwa vijana wale unaona ujanja wao wote. Wamechukua kile kipande ambacho kila Mtanzania angekiimba akiamshwa usiku wa manane, wakakijengea nyumba mpya kabisa, yenye besi na madaha na utani wa mjini. Na utamu wenyewe ni huu: watoto waliozaliwa baada ya ile ya kwanza wakaanza kuuliza, huyu Saida ni nani? Jina la mama likarudi midomoni, kwenye redio, jukwaani. Kava imemrudisha mwenye wimbo! Nimefurahi mpaka nimekuwa mpumbavu.

Twende mbali kidogo, shika kiti. Whitney Houston, mwaka 1992, "I Will Always Love You". Usiseme unaujua! Dolly Parton aliutunga akimwaga Porter Wagoner, mtu aliyemshika mkono kwenye muziki, akautoa mwaka 1974, na alivyouimba yeye ni mdogo, wa karibu, unadhani anaongea na mtu mmoja mlangoni huku begi liko chini. Elvis Presley aliutaka, meneja wake akadai nusu ya haki za wimbo, Dolly akakataa. Mwanamke jasiri huyo! Sasa Whitney: anaanza bila ala hata moja. Hakuna kinanda, hakuna ngoma, hakuna kitu. Kevin Costner, aliyeigiza naye filamu "The Bodyguard", ndiye aliyeng'ang'ania uanze hivyo. Weka hedifoni usikilize pumzi kabla ya maneno, ile anayovuta kidogo tu puani, ipo, isikilize! Nyuzi zinaingia kwa kunyata. Saksafoni inalia. Halafu anashuka, anakuwa mpole tena, anamtakia mtu wake heri, na muziki unakatika. Kimya. Unasubiri. Bado kimya. Ngoma inapiga mara moja, DUM, na sauti inapaa juu ya pale ulipodhani ndiyo mwisho wa juu! Nimeusikia wimbo huu kwenye harusi, kwenye saluni, kwenye basi la usiku. Sikuwahi kukisikia kile kimya. Kile kimya ndicho wimbo!

Na wewe ndugu yangu wa Nairobi, wewe wa Eldoret, mpenzi wa kantri, usiyekubali Jumapili ipite bila Kenny Rogers, hii ni yako: "Fast Car". Tracy Chapman, mwaka 1988, gitaa moja linalozunguka na hadithi ya msichana anayetaka kutoroka umaskini. Mwaka 2023 Luke Combs, jitu la ndevu, jitu la kantri, akaurudia, na hakubadilisha maneno. Hata pale msichana wa kwenye wimbo anapoitaja kazi yake ya dukani, Combs anaimba hivyohivyo, mwanamume mzima, bila kujiumauma. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu ndivyo mtu anavyoimba wimbo alioupenda tangu utotoni: hagusi. Na bado! Tafuta video ya Grammy za mwaka 2024, wawili hao jukwaa moja. Chapman anaanza kudonoa nyuzi zake, ukumbi unalipuka, yeye anatabasamu tabasamu ambalo sina maneno yake. Sasa usimwangalie yeye, mwangalie Combs wakati si zamu yake. Midomo inatembea! Anaimba kimoyomoyo kila neno la mwenyewe, macho hayabanduki. Nimemwona mimi huyo, ni mimi, ni wewe, ni sisi sote mbele ya redio!

Haraka haraka, kabla hujaniambia umechoka. Aretha Franklin na "Respect", mwaka 1967: Otis Redding aliuimba miaka miwili kabla, mume anayerudi nyumbani na kudai apewe chake, Aretha akaupindua, sasa anayedai ni mwanamke, dada zake nyuma wanaitikia, na akaongeza kile kipande cha kutaja herufi moja moja ambacho hakikuwepo kabisa. Otis mwenyewe alitania jukwaani mwaka uleule kwamba kuna binti amemchukulia wimbo. Amechukua, na hatarudisha! Na Kidjo tena, maana huyu mama hana dogo: mwaka 2018 aliimba upya albamu nzima ya Talking Heads, "Remain in Light" ya mwaka 1980. Wamarekani wale waliipika wakiwa wamelewa muziki wa Fela Kuti wa Nigeria. Kidjo akaenda akamchukua Tony Allen, mpiga ngoma wa Fela mwenyewe, akamkalisha. Umeona alichofanya? Ameenda Marekani kudai deni, na amelipwa na riba!

Sasa masharti, maana nakujua, utakurupuka. Moja, anza na wa kwanza, hata kama unaujua, hata kama una mikwaruzo. Kava bila mwenyewe ni nusu ya utamu. Mbili, video baadaye, sikio kwanza. Tatu, ukisikia mtu ameiga kila kitu, pumzi kwa pumzi, kigugumizi kwa kigugumizi, mpite, mwache na karaoke yake, huyo anaogopa wimbo. Mtafute anayeuvunja kidogo, anayetoa kinanda, anayepunguza mwendo, anayegeuza mwanamume kuwa mwanamke, anayediriki kunyamaza mahali ambapo sote tungepiga kelele.

Basi, nimemaliza. Sijamaliza! Lauryn Hill na Fugees, "Killing Me Softly", mwaka 1996, ngoma na sauti na karibu hakuna kingine, nikiwaza ile ya Roberta Flack ya mwaka 1973 natetemeka tena, na Roberta naye aliupata kwa Lori Lieberman, aliusikia ndani ya ndege akiwa safarini, kwa hiyo hata ule tuliodhani ndio wa kwanza ulikuwa kava! Umeona mambo haya yanavyokwenda? Hakuna mwisho! Chukua hedifoni, chaji simu, anza na Fadhili, na ukifika kwenye ile DUM ya Whitney nipigie, saa yoyote, nitapokea. Na ukiwa na yako ninayokosa, nitumie leo leo. Na bado!