Kitu Jichoni: Jina au Kitenzi?

Mwenye kutafsiri maandishi ya utabibu wa macho hukutana mapema na istilahi inayotaja kila kitu kisicho sehemu ya mwili kilichoingia jichoni. Akiifuata neno kwa neno hupata "mwili mgeni", na mkulima wa pamba wa Bariadi, mkoani Simiyu, atauliza mgeni huyo ametoka kijiji gani. "Kitu kigeni" ni afadhali kidogo. Wasomaji wa Biblia wamekwisha zoea "kibanzi", nacho ni kizuri. Ila kibanzi ni cha mti, hakielezi chembe ya chuma.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, ubishi juu ya jina umetupotezea wakati. Hatari imo katika kitenzi. "Kuingiwa na kitu jichoni" hutumika kwa mambo matatu yasiyotibiwa namna moja. Vumbi lililotua chini ya kope huoshwa kwa maji safi mengi. Kipande kilichonasa kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, hutolewa na mtabibu aliyefunzwa kazi hiyo, kisha hutiwa dawa ya kuzuia vijidudu. Lakini chuma kilichopenya, kama kile kirukacho mtu anapogonga jembe kwa nyundo, hakiguswi: jicho halioshwi wala halikandamizwi, bali hufunikwa kwa kitu kigumu kisichogusana nalo, na mgonjwa hupelekwa upesi kwa daktari wa macho, hata ikibidi Bugando, Mwanza. Tundu lake laweza kuwa dogo mno, na mgonjwa akawa bado anaona vizuri. Chuma kikibaki ndani, kutu yake huiharibu retina polepole.

Basi bango likisema tu "ukiingiwa na kitu jichoni, osha kwa maji", huyu wa tatu ameelekezwa vibaya, na kosa ni la mwandishi. Kutua, kunasa, kupenya: twapendekeza vitenzi hivi visanifiwe kwanza, majina yafuate.

Kuna na wa nne, asiyeingiwa na kitu chochote. Amekwaruzwa na jani la mahindi au ncha kavu ya tunda la pamba. Kwa kuwa hakuna kilichobaki jichoni, maelezo yote ya "kitu kigeni" humpita. Kumbe jani laweza kuacha kuvu kwenye konea, na matone yenye steroidi aliyoazimwa na jirani huuzidisha ugonjwa.