Daftari la Mcheza Poka: Namna ya Kulipima

Ukipewa daftari ambamo mcheza poka wa Texas Hold'em huandika kuhusu wapinzani wake, ule mchezo wa karata 2 za mkononi na 5 za wote mezani, tafuta kwanza matusi. "Mjinga huyu." "Ana bahati tu." Maneno hayo huandikwa na mtu aliyetoka kuliwa, na ukikutana tena na mpinzani huyo hayatakuambia ufuate dau lake au utupe karata. Daftari la hasira halifai, hata liwe nene vipi.

Kumbukumbu nzuri hutaja tendo, ukubwa wa dau na karata zilizofunuliwa. Tazama hii: "Kopa mbili katika tatu za kwanza mezani, akafuata dau. Ya tano si kopa. Kaweka mara moja na nusu ya fedha za mezani. Kafunua ree na tano, zote kopa." Alikuwa anangojea kopa, haikuja, akaamua kutisha. Kufuata dau la namna hiyo kuna faida tu ukishinda zaidi ya asilimia 37.5 ya nyakati, hivyo kumjua anayetisha hivyo ni fedha. Chini yake, kwa tarehe nyingine: "Kopa imetimia. Kaweka nusu tu." Hapo ndipo ninapomheshimu mwandishi, maana ameziweka hali mbili pamoja: akikosa, dau hupanda, akipata, hulishusha ili afuatwe.

Neno "daima" nalitilia shaka. "Mara 3 kati ya 4" linaaminika zaidi. Karata zisipofunuliwa, iandikwe wazi kuwa ni dhana. Na tarehe isikosekane, kwa sababu watu hujifunza, na mwoga wa mwaka juzi huenda leo ndiye anayekufukuza mezani.

Ishara za mwili nazipa uzito mdogo. Mike Caro aliziandikia kitabu kizima mwaka 1984, akifundisha kuwa mara nyingi mwenye karata dhaifu hujifanya ana nguvu, na mwenye nguvu hujifanya dhaifu. Kwenye meza za Las Vegas somo hilo lina kazi. Mtandaoni uso hauonekani. Hubaki dau na muda anaotumia kuamua. Hata ana kwa ana, "mkono ulitetemeka" bila karata zilizoonekana ni nusu ya habari.

Ukikuta imeandikwa kwamba mpinzani huongeza dau akiwa na ree mbili, futa: karibu kila mtu hufanya hivyo. Anayestahili mstari huo ni yule anayezishika ree zake akafuata tu, kimya.