Chupa Nne na Kibuyu Kimoja, Kwala

Aghalabu nyuma ya chupa ya mvinyo mwekundu huandikwa wasia mfupi ya kwamba unywewe kwa joto la chumba, na aliyeuandika, naona, hakupata kuketi Kwala saa nane ya mchana, mwezi wa Februari, chini ya bati, reli ikimeremeta mbele yake. Chumba alichokikusudia ni kile cha Ulaya ya zamani, chenye kuta za mawe, ambamo mvinyo hupata nyuzi 16 au 18. Ilhali chumba chetu hupita 30, na mvinyo ukifika hapo kileo hutangulia kufuka kabla ya harufu ya tunda, mnywaji akapata mchomo puani, akahukumu ama kwamba ni mkali ama kwamba umeharibika, na hukumu zote mbili si za insafu.

Hilo ndilo lililonituma kufanya majaribio na wenzangu wawili, huku majirani wasiokunywa wakitutazama kwa subira. Tulikuwa na chupa tatu zilizotoka Dodoma kwa kufuata njia ya Reli ya Kati: dompo, ambayo ni tamu na rahisi kuliko zote, mvinyo mweupe mkavu wa zabibu za Chenin Blanc, na mwekundu mkavu wa zabibu iitwayo Makutupora. Ya nne ilikuwa nyekundu ya Afrika Kusini, bei yake imezidi mara mbili ya ile ya tatu. Pamoja nazo tulikuwa na kibuyu cha tembo la mnazi lililogemwa alfajiri, nililolitaka liwe shahidi tu, kwa kuwa mnywaji wa tembo katika Pwani hii haulizi bei kwanza, bali huuliza limegemwa saa ngapi.

Chupa zilivikwa magazeti na kupewa nambari, na aliyemimina hakuonja wala hakukaa karibu nasi, maana uso wa mjuzi wa siri husema kabla ya ulimi. Bilauri zilikuwa za namna moja, na kati ya funda na funda tulitafuna muhogo wa kuchemsha usio chumvi. Funda lenyewe tulilitema, jambo lililowaudhi wenzangu kuliko joto.

Katika duru ya kwanza nilikosea, na kosa ni langu: nilitanguliza dompo. Ulimi uliokwisha kuzoea sukari huuona uchachu wa mvinyo mkavu kuwa mara mbili ya ulivyo, hata mmoja wetu akaapa kwamba ule mweupe ulikuwa maji ya ndimu. Dompo ikashinda, kwa kuwa utamu hufunika aibu za joto, na ile ghali ikawa ya mwisho kwa kauli moja.

Kwa duru ya pili tulitaka baridi, na mzee wa nyumba akatoa mtungi kwa fahari. Walakini mtungi hupoza kwa maji yanayopenya udongo na kukaushwa na hewa. Dodoma, penye ukavu, kazi hiyo hufanyika upesi, ama huku karibu na bonde la Ruvu hewa imekwisha kushiba maji, wala haiyapokei mengine kwa haraka. Tulinunua barafu kwa muuza juisi, tukaitia ndooni pamoja na maji, kwani barafu peke yake huigusa chupa hapa na pale tu, na maji huizunguka yote.

Safari hii mweupe ulitangulia, nyekundu zikafuata, dompo ikafunga. Mweupe ukashinda bila ubishi. Ile ghali ilipanda hadi ya pili, harufu yake imefunguka. Lakini tulipoisahau ndooni robo saa zaidi, ukakasi wake ukauma fizi kama ndizi mbichi, maana baridi huzidisha ukakasi na kupunguza utamu. Kwa sababu hiyohiyo dompo, iliyokuwa nzito kama shira, ikawa nyepesi na ya kupendeza.

Basi mwenye fedha kidogo anunue dompo, aipoze sana, ainywe kwa bilauri ndogo pamoja na korosho za kukaanga. Kwa samaki wa kupaka nachagua mweupe, kwa sababu ndimu ya mchuzi huulainisha uchachu wake, na kwa nyama ya kuchoma nachagua Makutupora iliyokaa katika maji ya barafu dakika 20 tu. Ile ghali simshauri mtu asiye na barafu, hata akiwa na mali. Tena, kabla ya kulipa, na aitazame chupa ilikosimama: niliwahi kuuziwa moja iliyokaa dirishani pa duka ikipigwa jua, kizibo chake kimeinuka, na ndani mna ladha ya zabibu zilizopikwa, ilhali bei haikuwa imepunguzwa hata senti.

Ama tembo, halikungoja zamu yake. Hamira yake huingia tangu kibuyu kikiwa juu ya mnazi, na tulipolikumbuka baada ya alasiri lilikuwa limekwisha kuchacha. Mwenye nyumba akalichukua jikoni, akaumulia mkate wa kumimina.