Kopo, Pakiti na Mkono wa Mwisho

Wahakiki wetu husoma riwaya, filamu na nyimbo. Ni nadra kumwona mtu akihakiki kopo la mafuta ya nywele, ingawa katika nyumba nyingi za Songwe kopo hilo huishi miaka mingi na kupita katika mikono mingi kuliko kitabu chochote. Kopo lina mtunzi, lina msomaji aliyekusudiwa, lina picha na maneno yaliyochaguliwa kwa makini, na lina jambo linalotaka tuliamini. Linastahili kuhakikiwa kama kazi nyingine yoyote ya ubunifu.

Jambo linalotaka tuliamini siku hizi ni kwamba ni "endelevu". Majani ya kijani yamechorwa pembeni mwa chupa za shampuu, mishale mitatu inayofukuzana imegongwa kwenye kitako, na rangi ya udongo imechukua nafasi ya dhahabu na zambarau tulizozizoea. Mahali pazuri pa kuyapima madai hayo ni Tunduma. Mji huu uko mpakani, Nakonde ya Zambia ikiwa hatua chache ng'ambo. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA zinapita hapa, na tangu Oktoba 2019 kuna kituo cha pamoja cha forodha. Kutoka Dar es Salaam, shampuu husafiri zaidi ya kilomita 900 kufika kwenye duka la vipodozi la Sogea au Majengo. Ikishaisha, chupa yake haina safari ya kurudi. Kinachoingia mjini kama bidhaa hubaki mjini kama taka, isipokuwa kama kuna mtu aliyekipatia kazi nyingine.

Hoja yangu ni rahisi: kifungashio kisihakikiwe kuanzia kwenye rafu, mahali mbunifu anapotaka tusimame. Kihakikiwe kuanzia mkono wa mwisho unaokishika.

Tuanze na kopo kubwa la saluni, lile la stimingi au la dawa ya nywele. Ni la plastiki ngumu, lina mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha. Mdomo mpana unaruhusu mkono au kijiko kufika hadi chini, kwa hiyo hakuna mafuta yanayobaki kwenye pembe. Kifuniko kinafunga vizuri na hakipasuki kikidondoka. Sina hakika kama aliyelichora alimfikiria mama wa Mbozi, lakini likiisha mafuta huyo mama atalisugua kwa majivu na sabuni, kisha litakuwa kopo la chumvi, la mbegu za mboga, la vifungo na sindano, au kipimo cha karanga barazani. Lebo ikichunika inaacha gundi, na hiyo ndiyo kasoro yake kubwa. Gundi inayoyeyuka kwa maji ya moto ingekuwa zawadi kubwa kwa wanaolirithi kuliko jani lolote lililochorwa juu yake.

Kuna jambo lingine ambalo kopo hili linafanya bila kujisifu. Kopo moja la saluni linahudumia vichwa vingi. Mteja wa Tunduma anayekwenda kuoshwa na kupigwa stimingi hanunui chupa yake ya shampuu, kopo lake la stimingi na kichupa chake cha mafuta ya kumalizia. Ananunua kiasi kinachomtosha, kikiwa kimechotwa kutoka galoni na kopo la wote. Ukigawa uzito wa plastiki kwa idadi ya vichwa, saluni ya mtaani inaishinda bafu ya nyumba ya London yenye chupa sita pembezoni mwa sinki. Hakuna aliyeiita saluni hiyo mradi wa mazingira. Ni biashara tu, na msusi ananunua kopo kubwa kwa sababu linampa faida.

Hali ni hiyo hiyo kwa mambo mengine ambayo ulimwengu wa ubunifu huyatangaza kama ugunduzi. Anita Roddick alipofungua duka la kwanza la The Body Shop mjini Brighton, Uingereza, mwaka 1976, aliwaruhusu wateja kurudi na chupa zao zijazwe tena, na chanzo kikubwa kilikuwa ni kwamba hakuwa na chupa za kutosha. Baadaye ufinyu huo ukageuka kuwa falsafa, na leo kujaziwa chupa ni huduma ya watu wenye nafasi. Kwetu kupimiwa hakujawahi kukoma. Mafuta ya kula hupimwa, manukato hupimwa, na mafuta ya nyonyo yanauzwa sokoni katika chupa zilizowahi kubeba maji ya kunywa. Vivyo hivyo shampuu ya kipande, isiyo na chupa kabisa, inauzwa Ulaya kwa bei ya juu kama uvumbuzi wa kuokoa bahari. Sisi tuna mche wa sabuni, unaokatwa kwa kisu dukani na kubebwa mkononi bila hata karatasi, na watoto wengi wa mkoa huu wameoshwa nywele kwa kipande hicho.

Hata hivyo, nisingependa msomaji aondoke hapa akidhani kwamba umaskini ni ubunifu. Mche wa sabuni una ukali wa magadi. Ngozi ya kichwa ina asidi kidogo, na sabuni hiyo inaifungua nywele magamba yake, inaiacha kavu na rahisi kukatika. Kwenye maji ya chumvichumvi huacha utando mweupe unaokataa kuondoka. Shampuu nzuri ya kipande hutengenezwa kwa viambata laini zaidi, na inagharimu zaidi kwa sababu hiyo. Kifungashio bora cha mche hakiwezi kuifidia nywele iliyokatika. Bidhaa na kinachoibeba lazima zihakikiwe pamoja.

Sasa tuje kwenye pakiti ndogo, ile ya kuchana kwa meno. Historia yake inajulikana. Nchini India, mwaka 1983, C.K. Ranganathan alianza kuuza shampuu ya Chik katika pakiti za bei ambayo hata kibarua angeimudu, na biashara ikakua hadi makampuni makubwa yakamfuata. Mwaka 2004 msomi C.K. Prahalad, katika kitabu chake kuhusu utajiri uliopo kwa watu wa kipato cha chini, aliisifu biashara ya namna hiyo kama njia ya kuwaheshimu maskini kama wateja. Heshima hiyo ni ya kweli hadi pakiti inapochanwa. Pakiti imetengenezwa kwa tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja, mara nyingi plastiki na alumini, ili unyevu usipite. Kilichogandishwa hivyo hakiwezi kutenganishwa kwa urahisi, kwa hiyo hakuna anayekinunua. Waokota chupa wanaopita mitaani na viroba vyao mgongoni wanachukua chupa za maji na plastiki ngumu, kwa sababu zina bei kwa kilo. Pakiti wanairuka. Ni nyepesi mno, chafu mno, na haina soko. Mvua ikija, inakwenda mtaroni.

Kwa kipimo cha mkono wa mwisho, basi, pakiti ni kazi mbovu hata kama rafuni ni kazi ya kupendeza. Mbunifu wake alitatua tatizo la muuzaji na la mnunuzi, akamwachia tatizo mtu ambaye hakuwahi kuketi naye mezani.

Lakini pakiti ya shampuu ni jambo dogo ukiilinganisha na pakiti ya rasta. Hapa ndipo uhakiki wa vifungashio unaposhindwa kabisa, kwa sababu taka kubwa si mfuko mwembamba wa nje. Taka kubwa ni bidhaa yenyewe. Rasta nyingi zinazosukwa kwetu ni nyuzi za plastiki: modakriliki, PVC, polipropilini au poliesta. Zinakaa kichwani wiki nne, pengine nane, halafu zinakatwa na kufumuliwa, na kila kichwa kinaacha rundo. Hakuna anayerudia rasta iliyotumika. Mwisho wake ni dampo, au shimo la nyuma ya nyumba na kiberiti. PVC ikichomwa kwenye moto mdogo wa uani hutoa gesi ya asidi na inaweza kutoa dayoksini, na anayechoma ni mtoto au dada wa saluni aliyeachiwa usafi wa jioni.

Soma maandishi ya pakiti hiyo. Utapata namba ya rangi, urefu, picha ya mwanamke anayecheka, na ahadi kwamba nywele ni laini na haziwashi. Mara nyingi hutapata jina la kitu zilichotengenezwa nacho, wala neno moja kuhusu zipelekwe wapi zikishafumuliwa. Mwaka 2025 shirika la Consumer Reports la Marekani lilipima aina 10 za rasta zinazouzwa huko na kukuta kemikali zinazohusishwa na saratani katika zote, na risasi katika 9. Vipimo hivyo si vya rasta za Tunduma. Lakini vinatukumbusha msusi ambaye kila siku anachoma ncha kwa kiberiti cha gesi au kuzichovya kwenye maji yanayochemka, akivuta mvuke wa kitu ambacho pakiti haikumtajia jina. Kwenye kazi ya sanaa, ukimya unaweza kuwa mbinu. Kwenye lebo, ukimya ni kuficha.

Sheria yetu haijafika hapo. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lililenga mfuko wa kubebea, si kifungashio kinachotoka kiwandani. Kwa hiyo rasta ya plastiki, ndani ya pakiti ya plastiki, hubebwa nyumbani kwa mfuko mbadala unaofanana na kitambaa, ambao kwa kweli ni polipropilini. Hata hivyo nchi hii imewahi kuonyesha kwamba umbo la kifungashio linaweza kukataliwa: tarehe 1 Machi 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku. Kinywaji kikabaki halali. Kilichoondoka ni kipimo kidogo kwenye mfuko. Kenya, kwa sheria yake ya taka ya mwaka 2022, imeanza kumdai mzalishaji awajibike na kile alichokifungia bidhaa hata baada ya kukiuza. Hilo ndilo swali ninalotaka mbunifu aulizwe kabla hajachora jani.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuipuuza, na mtu wa Tunduma ataitoa kabla sijamaliza sentensi. Kopo linalojazwa tena ni kopo linaloweza kujazwa uongo. Mpakani hapa vipodozi vilivyokatazwa, vyenye zebaki au haidrokwinoni, hupita njia za panya, na kopo tupu la bidhaa inayoaminika lina thamani kwa mtu anayetaka kuuza feki. Ndiyo maana mteja mwenye uzoefu husema, "Dada, nifungulie jipya nione." Seli isiyoguswa juu ya mdomo wa kopo ndiyo mkataba pekee alionao. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, lakini mkaguzi hawezi kuketi katika kila saluni. Ukimwambia mteja huyo akubali kupimiwa kwa ajili ya mazingira, unamwomba aweke ngozi yake rehani.

Nadhani hapa ndipo mahali pa ubunifu wa kweli, na mfano wake tunao. Kwa miaka mingi soda na bia za mkoa huu zimekuja katika chupa za kioo zinazorudi. Huondoki na chupa dukani bila kuacha nyingine au kuacha pesa. Kreti tupu hupakiwa na kurudi Mbeya, safari ya kilomita zipatazo 100, zikaoshwe, zijazwe na kufungwa upya kiwandani. Mteja hana wasiwasi na chupa iliyokwaruzika ubavuni, maana kizibo ni kipya na aliyekiweka anajulikana. Mfumo huo sasa unasukumwa pembeni na chupa za plastiki za kutupa, lakini haujafa, na kila mtoto wa dukani anaujua. Galoni ya shampuu ya saluni, ya umbo moja kwa watengenezaji wote, yenye rehani na seli mpya kila inapojazwa, isingehitaji kumfundisha mtu yeyote hapa jambo geni. Ingehitaji watengenezaji wakubaliane juu ya umbo, na hilo ndilo gumu, kwa sababu umbo la chupa ndilo wanalopigania.

Kwa rasta, kazi ni ya kubadili unyuzi wenyewe. Nchini Uganda, Juliet Tumusiime na kampuni yake ya Cheveux Organique wametengeneza nywele za kusukia kutokana na nyuzi za mgomba. Marekani kampuni ya Rebundle inafanya hivyo pia. Jirani zetu wa Rungwe hukata migomba kila wiki na kuiacha ioze shambani. Sisemi kwamba nyuzi hizo zitashuka bei ya rasta ya plastiki mwaka huu. Ninasema kwamba malighafi ipo karibu na sisi kuliko Dar es Salaam.

Hadi hapo, nitaendelea kuhukumu kwa kipimo kile kile. Kopo la saluni linapita, lilaumiwe gundi tu. Mche unapita kama kifungashio, unaanguka kama shampuu. Pakiti ya kuchana inaanguka. Rasta inaanguka vibaya zaidi, na itaendelea kuanguka hadi mtengenezaji aandike kwa Kiswahili, mahali msusi anaposoma, imetengenezwa kwa nini na isichomwe wapi. Maandishi hayo hayagharimu plastiki ya ziada. Nafasi ipo, pembeni mwa yule mwanamke anayecheka.